Nimempangishia Mpenzi Wangu Ukumbi wa Chuo kwa Miaka Tisini na Tisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukicheka nitakuelewa, maana hata mimi nacheka peke yangu humu karakanani. Mimi ni mwalimu wa useremala katika chuo cha umma, nina miaka hamsini na saba, mke wangu alifariki miaka tisa iliyopita na nilishazoea kula nikiwa nimesimama, hadi alipokuja mama mmoja mwalimu wa dansi akitaka nimrekebishie kabati, nikalirekebisha, likaharibika, nikalirekebisha tena, na mara ya tatu akaniambia, "Mwalimu, kabati ni zima. Skrubu nalegeza mimi." Tangu siku hiyo sitembei, naelea.

Sasa mkuu wa chuo akaenda likizo ya wiki mbili akaniachia ofisi niikaimu, na siku ya tatu nikamtembeza mpenzi wangu kwenye ukumbi wetu wa kale, wenye sakafu ya mbao na madirisha ya upinde, uliojengwa kabla babu yangu hajazaliwa na ambamo siku hizi tunarundika madawati mabovu tu, akavua viatu, akazunguka mara moja kwenye vumbi, akasema, "Laiti ningekuwa na mahali kama hapa," nami nikarudi ofisini mbio, nikachukua karatasi yenye nembo ya chuo, nikaandika kwamba chuo kinampangishia ukumbi huo kwa miaka tisini na tisa, nikatia sahihi, nikagonga muhuri mara mbili, nikampelekea kama mtu anayepeleka maua.

Nilidhani ataelewa ni mahaba, kumbe ameelewa ni mkataba! Ameshawatangazia wanafunzi wake arobaini, fundi rangi anakuja Jumatatu kupaka kuta rangi ya waridi, na jana ameniuliza kama dirisha moja linaweza kubomolewa liwe mlango.

Katibu muhtasi alipoona nakala alivua miwani. "Mwalimu, umekunywa nini?"

"Sijanywa. Nimependa."

"Basi ungependa kwenye karatasi yako mwenyewe!"

Akanifungulia jalada la majengo: ukumbi umo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, hauuzwi wala haupangishwi mpaka bodi ya chuo ikae, wizara iridhie, tangazo litolewe hadharani kila anayetaka aombe, na hata rangi haipakwi bila kibali cha wanaotunza majengo ya kale. Mkuu anarudi Jumatatu hiyohiyo. Nikisema ukweli nitampoteza mwanamke, nikinyamaza nitapoteza kazi, na bado, Mungu anisamehe, nikikumbuka alivyozunguka nafurahi kama mtoto. Nifanyeje?

Fundi Randa

*

Fundi Randa, kwanza hongera. Barua yako nimemsomea mume wangu, tumecheka mpaka chai ikapoa. Sasa kaa chini.

Wewe ulikabidhiwa kiti, hukukabidhiwa chuo. Hata mkuu mwenyewe hawezi kumpa mtu ukumbi ule kwa sahihi yake peke yake, sembuse wewe wa wiki mbili! Ni mali ya umma. Karatasi yako haina nguvu, na hiyo ndiyo bahati yako, lakini dirisha la upinde likishabomolewa hakuna muhuri wa kulirudisha.

Nenda kwake leo, kwa miguu yako, usitume ujumbe wa simu. Mwambie ulirukwa na akili kwa furaha, umwombe radhi na umwombe akurudishie karatasi. Fundi rangi asimamishwe leo hiihii. Mwanamke anayeharibu kabati lake mwenyewe ili akuone hatakukimbia kwa ajili ya ukumbi. Atanuna siku mbili, vumilia. Jumatatu uwe wa kwanza mlangoni kwa mkuu, karatasi mkononi pamoja na barua ya kuifuta. Akisikia kutoka kwako atakukaripia. Akisikia kwa fundi rangi, utafukuzwa.

Halafu mwambie mkuu kwamba ukumbi unaooza pamoja na madawati nao unahitaji watu. Apeleke hoja kwa bodi, upangishwe kwa utaratibu, kwa muda mfupi, kuta na madirisha yabaki yalivyo. Tangazo likitoka, bibie aombe kama wengine. Siku ya kujadili maombi, kama utakuwemo, tamka mbele ya wote kwamba ni mpenzi wako, kisha toka nje ufunge mlango. Asipopata, asipate.

Ukitoka kwa mkuu, nenda moja kwa moja kwa kaka za bibie ukampose. Una nyumba, una mikono miwili, na una kazi, kama utakuwa nayo bado. Hivyo ni vyako. Mpe.