Geti la Saa Moja

Jumatatu, 16 Machi 1998
Siku ya tisa Baba hajainuka kitandani. Miguu imevimba. Daktari kamwambia Mama ajiandae. Padre anakuja kesho, na Baba hajaungama tangu arusi yake! Nimemsomea katika Injili wale vibarua wa shamba la mizabibu, walioanza kazi saa kumi na moja jioni wakapewa ujira sawa na wa asubuhi. Alicheka mpaka akakohoa. Kiwandani kwetu, akasema, hao wasingevuka geti.

Baba alikuwa mlinzi wa geti miaka kumi na minane, mpaka kiwanda kilipouzwa. King'ora cha saa moja asubuhi kikilia, anafunga. Hakumfungulia mtu.

Jumanne, 17 Machi
Padre alifika na pikipiki, matope mpaka magotini. Baba akageukia ukutani. Padre atarudi Jumamosi.

Jirani yetu Mama Furaha, aliyeokoka, kasema Mungu hachezewi. Mtu hanywi pombe ujana wote, halafu akaja kutubu kwa kuwa hawezi tena kushika kikombe. Mama akamwambia chai imekwisha.

Jumatano, 18 Machi
Shuleni, baada ya kipindi cha dini, nimemwuliza Sista Editha kama toba ya dakika ya mwisho inakubaliwa. Kasema pumzi moja ya majuto inatosha — mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na muda zaidi. Kinachobaki husafishwa toharani. Labda toharani ni kusubiri nje ya geti, ila unajua litafunguliwa.

Nilimweleza Baba. 

"Pazi nilimfungia," akasema. "Mkewe kajifungua alfajiri, yeye kachelewa dakika tano. Kashika vyuma vya geti, ananiita kwa jina. Wakamfukuza kazi. Leo nigonge mimi, nifunguliwe?"

Alhamisi, 19 Machi
Mama anamjua: Mzee Pazi sasa analima kule kijijini Mlali, anauza nyanya sokoni. Nikaenda baada ya shule. Aliitikia shikamoo yangu vizuri. Nilipomtaja Baba, akaacha kupanga nyanya. Nikamwomba aje kesho. Akasema ana kazi nyingi, binti.

Nilikusudia kumficha Baba kwamba nimemwalika. Nimeshindwa.

Ijumaa, 20 Machi
Hakuja. Baba kauliza mara nne.

Jumamosi, 21 Machi
Saa tatu asubuhi. Mvua kubwa, mlango tumeufunga. Hodi! Baba akauliza nani.

"Ni Pazi. Nimechelewa tena."

Mama akainuka. Baba akasema, "Asifungue mtu." 

Kumbe anataka kufungua mwenyewe. Ameshusha miguu. Hataki tumshike. Mama kaniambia nikae mezani, nami naandika ili mikono yangu isimwendee. Nje Mzee Pazi anakohoa — hajaondoka. Kwa mbali naisikia pikipiki ya padre. Baba ameshika kiti. Ameachia kiti. Hatua mbili. Komeo liko juu sana. Anainua mkono —