Upande wa Pili wa Ukuta

Ukonga, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Dada yangu Editha,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu na mvua za kwanza zimeligusa shamba la mihogo. Huku tu wazima; kifua changu kimetulia, na Venance anamwamkia shangazi yake. Juzi uliponiambia kwenye simu kwamba sauti yangu imepoa, nilijibu ni uchovu. Haukuwa uchovu. Wewe ndiye uliyenifundisha Ishara ya Msalaba, basi nakuandikia.

Jirani yangu Projestus, yule askari magereza mstaafu, Mhaya aliyenitania kwamba sisi watu wa kusini tunakula panya, nami nikimjibu afadhali panya kuliko senene, alifariki ghafla wiki mbili zilizopita. Alibatizwa utotoni, lakini aliishi na Jesca bila ndoa ya kanisani, na kwa aibu hiyo hakukanyaga jumuiya yetu hata mara moja. Huku mjini waumini ni wengi, padri hawezi kumjua kila mtu. Ukifa, anamuuliza mwenyekiti wa jumuiya kama ulikuwa ukisali na wenzako. Kama hukusali, ndugu zako watakuzika bila padri. Mwenyekiti ni mimi.

Tulikutana kwa Eufrazia, katibu wetu. Uani kwake ndiko tunakosali kila Jumamosi alfajiri, na ukuta wake ndio huohuo wa Projestus. Jesca aliketi mkekani. Eufrazia akasema sie tunaamka na umande, wengine wamejifunika shuka, halafu wakifa ndio wanatukumbuka. Kwani jumuiya ni gari la wagonjwa? Watu wakacheka, dada, mbele ya mjane. Mzee Lusungu akauliza, mwenyekiti akimpitisha huyu, Jumamosi ijayo nani ataamka?

Nilikwenda parokiani nikiwa nimekusudia kusema kweli. Padri, kijana mpole, akaniuliza kama marehemu alikuwa akisali nasi. Nikamwona Jesca pale mkekani. Nikasema ndiyo, alikuwa akisali nasi.

Padri akaja, akafukiza ubani, Projestus akazikwa kama mtoto wa Kanisa. Eufrazia hakulitazama kaburi, alinitazama mimi. Jioni ile wakaniambia nikae pembeni mpaka nisimame mbele yao na kukiri kwamba marehemu hakuwahi kusali nasi. Niliondoka nyumbani kijana, dada. Ukoo wangu huku ni hao. Wakinikataa wao, nani atanizika?

Kesho yake nikaenda kwa Jesca, nikamsimulia wanachotaka nikiri. Akashangaa. Akasema, Baba, mbona alikuwa anasali? Kila Jumamosi alizima redio, akaweka kigoda chake kando ya ukuta, akavua kofia, akawa anaitikia taratibu ili msimsikie.

Nikawapelekea maneno hayo. Lusungu akasema mjane atasema nini tena. Eufrazia akasema mwenye kutaka pilau huingia ndani, halambi ukuta.

Mzigo wangu ndio huu, na sijamwambia mwingine ila padri. Nilipotamka yale maneno, sikuyajua ya ukutani. Nilikusudia uongo, nikauona umekuwa kweli. Nikikiri wanavyotaka, nitamsingizia marehemu. Nikikataa, nitaonekana mkweli, nami siku ile sikuwa mkweli. Uongo wangu nimeuungama. Padri akanipa kitubio kidogo kuliko nilivyotarajia, nacho kimenilemea. Lakini hayo ya Eufrazia nimekataa kuyasema, na sitayasema.

Jana ilikuwa Jumamosi. Hakuna aliyenigongea mlango. Nikaenda kwa Jesca gizagiza, akanitolea kigoda kile bila kuuliza. Nilisikia kila kitu: Lusungu akikohoa, viti vikiburutwa, kisha Eufrazia na ile sauti yake kali, akianza litania. Nyota ya asubuhi, akasema.

Nikavua kofia. Utuombee, nikaitikia, taratibu, wasinisikie.

Yanafika vizuri pale, dada. Hakuna neno linalopotea.

Nisalimie wajukuu wote, na mwambie Albano asiache kupalilia kaburi la mama. Unapofikia jina langu katika sala zako, ongeza na la Projestus.

Mdogo wako akupendaye,
Alfonsi