Viti Ulivyovihesabu

Kaka yangu,

Huku tu wazima, ila mimi nina hasira, na afadhali ulijue hilo mapema. Bati la jikoni limeshazibwa. Shangazi kapata meno mapya, sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Waraka wa kufuta ndege ya moja kwa moja ya kuja huko kwako ulifika kaunta yangu ya tiketi Jumatatu. Nikawalaani wakubwa wa huko makao makuu wasiotujua. Kumbe chini kuna sahihi yako, na ule mkia wake wa tangu darasa la nne. Umeandika kwamba daraja la biashara halinunuliki huku, kwa hiyo njia hailipi. Kule viti vya nyuma, vya bei ya chini, ndege ilikuwa inajaa hadi mlangoni, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa nawarudisha watu waliokosa nafasi. Na mama alikaa huko nyuma kila mwaka akija kwako.

Halafu unamtumia tiketi ya daraja la biashara, kiti kinacholala kama kitanda, abadilishe ndege mara mbili. Daktari alishakwambia kifua chake hakiwezi safari ya siku nzima. Usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nilimsomea ule waraka wako. Hakulia. Alilikunja lile sweta alilokufumia, akalirudisha kabatini, akaniuliza:

"Alipokuwa anahesabu viti, mimi hakuniona?"

Mjibu mwenyewe. Mimi nimechoka kukusemea.

Dada yako