Teke Moja Kabla ya Dhahabu

Shikamoo dada Rehema,

Tangu jana nasikia sauti moja tu: kisigino changu kikigonga kofia ya kinga ya yule msichana wa Burundi, kwenye fainali yetu ya taekwondo. Mvua ya milima ya Uluguru ilikuwa ikipiga bati la ukumbi wa Morogoro. Mwamuzi alimhesabia hadi nane kwa Kikorea, kama anavyohesabiwa aliyepigwa akayumba. Msichana akainua ngumi kuonyesha yuko tayari, lakini macho yake yalinitafuta upande nisiokuwepo.

"Kichwa tena, Mwanaidi!" kocha wangu akapaza sauti. "Huyo kashalewa, mmalize tukale!"

Nilibakiza teke moja tu nipate dhahabu.

Nibusie watoto. Mama mpe pole, maana alishautangazia mtaa kuwa narudi na dhahabu. Nilivua kofia, nikamwinamia yule msichana, nikatoka ulingoni bila kupiga lile teke.

Mdogo wako, Mwanaidi