Kitabu cha Wanyama Juu ya Kabati

Alhamisi, Cimpunda, Bukavu. Mvua tangu saa tisa.

Leo miguu yangu si yangu. Tuko kwenye majuma ya sare za shule, na umeme wa atelier, pale tunaposhonea, ulikatika Jumatatu haujarudi. Kwa hiyo nimeshinda nikikanyaga cherehani ya miguu: sketi za buluu, marinda, marinda, marinda. Nikifumba macho naona marinda. Kisha nikapanda kilima kurudi nyumbani, kwenye vijia vyetu ambavyo mvua ikinyesha vinageuka tope, viatu nimevishika mkononi kama mtu aliyetoka kuiba.

Nimechoka. Najua, shajara, nakuandikia neno hilo kila juma.

Nilitaka kulalamika kidogo hapa, kisha nilale. Lakini jioni hii kimetokea kitu, na nisipokiandika nitajifanya nimekisahau. Najijua.

Binti yangu Ansima ana miaka miwili na nusu. Siku ya ubatizo wake, tonton wake, ndugu yetu aliyekuwa amekuja kutoka ng'ambo, alimletea kitabu cha wanyama. Ni kitabu cha kuchezea hasa: kurasa nene za katoni, na vijilango vya kufungua kwa kidole, nyuma ya kila kijilango amejificha mnyama. Kondoo ana kipande cha manyoya ya kugusa. Bata ana kitufe, ukikibonyeza analia, ingawa siku hizi betri imechoka naye analia kama mtu mwenye mafua. Ng'ombe ni mnene, mweupe mwenye mabaka meusi, hafanani na ng'ombe yeyote wa kwetu Walungu. Ansima hajali. Sungura anamwita dende, kwa sababu jikoni tunafuga dende, zile simbilisi ndogo, na kwake kila kinyama chenye manyoya ni ndugu yao.

Mimi nilifanya nini na kitabu hicho? Nilikifunika kwa plastiki.

Ndivyo nilivyolelewa. Kila mwanzo wa mwaka wa shule, marehemu baba alitukalisha mezani na plastiki na mkasi, tukafunika madaftari yote, na ole wake ambaye daftari lake lingeonekana tupu barabarani. Kitabu kisichofunikwa kilikuwa aibu ya nyumba nzima. Basi nikakifunika cha Ansima vizuri kabisa, kona zikakaa sawa, nikakiweka juu ya kabati, karibu na sahani za wageni. Zile ambazo hushuka padri akija, au wakwe.

Sikukifungia tangu mwanzo, nijitetee kidogo. Juma la kwanza nilimwachia. Siku ya tatu aliung'oa mlango wa zizi la ng'ombe, akauleta mkononi akicheka, anionyeshe. Nikagomba. Kisha nikaubandika kwa bugali iliyobaki kwenye chakula cha mchana, kama tulivyobandika kila kitu utotoni, na asubuhi nikakuta mende wamekula bugali pamoja na kwato za ng'ombe. Nikaubandika upya kwa skochi, ule utepe wa gundi, nikapandisha kitabu juu. Tangu siku hiyo kuna sheria: kinashushwa na maman peke yake, mikono ikiwa safi, na maman akiwa na nafasi.

Maman hana nafasi.

Kila jioni nikiingia, kabla sijaweka mkoba chini, Ansima amekwisha kusimama mbele ya kabati, kidole juu. "Buku." Na mimi namjibu hata bila kumtazama. Namwambia kesho.

Siku chache nilizokishusha, nilisoma kama mtu anayekimbizwa. Nageuza kurasa mbili pamoja. Nafungua mlango mimi mwenyewe, upesi, yeye asiung'oe: ng'ombe, muu, haya twende, mbuzi, mee, haya, imeisha. Ansima hurudisha ukurasa nilioruka. Anawajua wote, na anajua ni nani amekosekana. Nilikuwa naona hilo ni ukaidi.

Sasa ya leo.

Papa Ansima anafanya kazi Kamanyola, kwenye depo ya mchele. Zamani alikuwa anapanda Bukavu kila mwisho wa mwezi. Siku hizi ile barabara unaiulizia kwanza kama kuna usalama kabla ya kuipita, na huu ni mwezi wa nne hatujamwona. Anatupigia Alhamisi. Leo simu imelia nikiwa ndiyo kwanza nimeingia, ninapangusa tope miguuni. Mama yangu, ambaye ndiye anashinda na mtoto, amempakata Ansima. Tukaweka simu mezani, sauti juu, sote tusikie.

Baba mtu hana mengi ya kuongea na mtoto wa miaka miwili kwenye simu. Kwa hiyo wana mchezo wao, na mchezo umetoka kwenye kile kitabu.

"Ansima! Mbuzi inasemaka aje?"

"Meee!"

"Na ng'ombe?"

"Muuu!"

Kuku, mbwa, bata, wote akawapatia. Bata alimwigizia kwa ile sauti ya mafua, baba yake akacheka mpaka akakohoa. Nilijisikia vizuri, nakiri. Nilijiambia, unaona, kitabu kimefanya kazi yake hata kikiwa juu ya kabati.

Wanyama wakaisha. Baba hakutaka kukata, akaendelea tu.

"Na koko anasemaka aje?"

"Kula! Kula, kula!"

Mama yangu, koko mwenyewe, alipiga makofi. Ni kweli kabisa, siku nzima hasemi lingine.

"Na papa? Papa anasemaka aje?"

Ansima akaweka mkono sikioni. "Allô? Allô?"

Tulicheka tena, ila upande wa Kamanyola kicheko kilikuwa kifupi. "Njo vile, mutoto yangu," akasema. "Njo vile papa anasemaka." Kisha, nadhani ili atoke hapo haraka, akauliza la mwisho.

"Na maman?"

Ansima hakufikiri hata kidogo. Alitazama pembeni, si kwangu, si kwenye simu, akashusha mabega kama mtu anayetua mzigo, akapumua kwa mdomo.

"Kesho," akasema.

Alilitamka kama ninavyolitamka mimi. Ile "e" niliyoivuta bila kujua maisha yangu yote, mwanangu ameichukua yote.

Papa Ansima akaangua kicheko. "Eh, maman Ansima! Ni sauti yako kabisa!" Mama yangu naye alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, nikasema naenda kuwatupia dende majani, nikaingia jikoni.

Dende walikuwa wameshapewa majani.

Nilisimama pale wakinipitia kati ya miguu. Nilikuwa nimeumia, shajara, na nilikuwa nimeona haya, na sikujua kipi kilitangulia. Mbuzi analia mee kwa sababu ni mbuzi. Mwanangu ananijua kwa sauti moja, na sikumpa nyingine. Si kumwita jina lake, wala kumwambia njoo. Siku akiwa mkubwa, akiulizwa mama yako alikuwa mtu wa namna gani, atapumua kwa mdomo vile.

Mama yangu alinifuata. Haniachi nikae na jambo langu, hajawahi.

"Unalilia nini? Iko mutoto tu."

Nikamwambia silii.

"Wewe ulikuwaka mubaya kuliko yeye. Watu wakikuuliza maman anasemaka nini, unajibu: toka apa, kuko moshi! Mbele ya padri!" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Nilikuwa ninachoka, mutoto yangu. Shamba, maji, kuni. Nilisikia ile maneno siku moja tu, na mpaka leo ninayo."

Alichukua sufuria yake akatoka.

Nikarudi sebuleni, simu imeshakatwa, nikavuta kiti, nikashusha kitabu. Juu ya plastiki kulikuwa na vumbi la kuandikia jina. Nikakaa chini sakafuni, kwa sababu nisingeweza kuinama na miguu hii, nikakiweka mbele ya Ansima.

Hakukigusa. Aliangalia viganja vyake kwanza, vyote viwili, akavipangusa kwenye gauni. Kisha akanionyesha.

Hapo ndipo nilipolia, basi. Kidogo tu.

Nilichana plastiki. Plastiki nzuri, kona zimekaa sawa, niliichana yote. Akafungua yeye. Anafungua polepole kuliko nilivyodhani, anaingiza ukucha, anachungulia kwanza kwa jicho moja, anafunga, anafungua tena kana kwamba ng'ombe anaweza kuwa ameondoka. Mimi sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Kila mara mlango nilikuwa naufungua mimi.

Kwenye zizi skochi iliachia. Mlango ulibaki mkononi mwake, kama ile siku, lakini safari hii hakucheka. Aliganda, ananitazama, anangoja.

"Ng'ombe imetoka inje," nikamwambia. "Imeenda kula majani."

Alifikiri. Akauweka ule mlango juu ya goti langu, akaupigapiga kwa kiganja. "Lala, ng'ombe," akasema. Tukaendelea na kondoo.

Nisijipambe. Kwenye ukurasa wa bata nilisinzia, na ni kile kitufe cha mafua kilichoniamsha, anakibonyeza karibu na sikio langu. Kazi haikupungua. Sketi zinaningoja zilezile, cherehani ileile, na kama umeme haukurudi nitaanza mapema zaidi. Siahidi kwamba kila jioni nitakaa sakafuni. Nimekwisha kujidanganya hapa mara nyingi.

Lakini kitabu hakikurudi juu ya kabati. Kiko chini, karibu na ndala zake, mlango wa zizi ndani.

Tulipofika mwisho alikifunga, akakigeuza, akanitazama. "Ingine." Nililisikia lile neno langu likipanda lenyewe, limefika kwenye meno. Nikafunga mdomo. Tukafungua ukurasa wa kwanza.

Hapa chini ndipo huwa nakuandikia, shajara, kwamba kesho itakuwa afadhali. Leo siandiki hivyo. Lile neno nimelitumia mno.