Picha ya Baba Kwenye Ukungu

Duka la Picha, chumba cha juu,
Barabara ya Kituo cha Mabasi,
Jumapili, 9 Oktoba.

Mpendwa Kaka,

Habari za siku nyingi? Wifi hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio haujatulia tangu jana, kwa hiyo ukiona mwandiko unacheza, nivumilie.

Kwanza yale mepesi. Shemeji yako amerudi salama na lori lake. Amenenepa, ila anasema shati ndilo lililopungua. Baba naye, baada ya miaka yote ile ya ufundi saa, amegoma kupokea saa za watu, eti koleo lake limezeeka. Juzi alilisalimia koti langu lililoning'inia mlangoni, tena kwa heshima zote, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Sasa ile picha uliyoomba, ya Baba kwenye uwanda wa vichaka tulikokuwa tukirusha tiara, jua likichomoza. Jana tulitoka alfajiri. Baba alinishika bega njia nzima, nami nikajisifu moyoni kwamba mzee ananipenda kuliko wewe.

Tulipofika, ukungu ulikuwa umelala chini na vichaka vimetokeza vichwa tu. Kwa mpiga picha hiyo ni riziki. Nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikamweka Baba hatua kumi mbele, nikaanza maneno yangu ya kila siku dukani: "Rudi kidogo, Baba. Rudi tena." Akarudi nyuma hatua mbili na kunyoosha kola. Nikapiga picha tatu.

Nikainama kubadilisha lenzi. Nilipoinua kichwa, ukungu ulikuwa umepanda na Baba haonekani. Kaka, unajua kilichoko nyuma ya pale. Ni lile shimo la machimbo ya mawe, limejaa maji, na uzio wake uliibwa zamani.

Nikapiga kelele, "Baba, rudi! Rudi!" Akaitika kwa utulivu, "Haya." Nikaita tena, akaitika tena, lakini sauti ilizidi kwenda mbali. Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa namwita aje. Yeye alidhani bado tunapiga picha, na kila nikisema rudi, anarudi nyuma. Nilikuwa namsukuma baba yetu shimoni kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikaacha kuita. Kisha nikasema, kwa sauti niliyoilazimisha isitetemeke, "Tulia hapo hapo, Baba. Usipumue." Ndivyo ninavyowaambia wateja wa picha za pasipoti, nao huganda. Akaganda kweli. Nikaenda kwa kupapasa, vichaka vinanikwaruza, hadi nikashika koti lake. Kisigino kimoja kilikuwa ukingoni kabisa, nasikia kokoto zikidondoka majini.

"Sasa nipumue?" akaniuliza.

Nilimvuta, tukaketi chini. Nililia, Kaka, sikuficha. Baba alinicheka, akasema nimerithi woga wa mama. Nami nikaulaumu ukungu, nikautukana matusi ambayo hujawahi kunisikia nikiyatamka. Sikuthubutu kuinuka mpaka jua lilipopanda na ukungu ukayeyuka wote, hata nyaya za umeme za upande wa pili nikawa naweza kuzihesabu. Shimo lilikuwa mbele yetu, wazi, maji yanameta.

Baba aliukazia macho upande ule kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "huu ukungu utaondoka lini?"

Nilimjibu kwamba bado kidogo.

Tangu hapo nimekuwa nikimfuata nyumbani kutoka chumba hadi chumba, nikijifanya natafuta kitu. Hajui kwamba nakuandikia. Alhamisi ijayo nampeleka kwa daktari wa macho, na naogopa jibu la daktari kuliko nilivyoliogopa lile shimo. Njoo, Kaka. Hili siliwezi peke yangu.

Msalimie sana wifi, wabusu mapacha, na shangazi ukimpigia simu usimwambie bado. Mola awafunike nyote kwa rehema zake. Picha moja nimeitia humu. Anatabasamu vizuri, ila haitazami kamera.

Akupendaye na anayekungoja,
Mdogo wako.