Cheni Uliyoiacha Kwenye Mkoko

Kaka yangu Seif,

Huku Mbwera wanasema mtu asiye na kaburi haandikiwi. Mimi nimeshawaandikia wanawake wa Tanga, Mombasa na Dubai ambao hawakunijibu, basi nawe sikuogopi.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Kariakoo na ile cheni ya kufungia boti? Wenzio walifunga kwa kamba, wezi wakazikata. Wewe ukaizungusha kwenye mkoko mbele ya nyumba ya mama, ukatutangazia kwamba kamba ni ya kwetu, cheni ni ya Mwingereza, haikatiki. Nilipokuwa mpishi melini, baharia mmoja Mfaransa alinicheka kwa maneno hayo. Alisema Mwingereza alilitoa neno cheni kwao, na wao walilirithi kwa Warumi wa kale, waliosema katena. Mwingereza akalitanua: mkufu wa shingoni ni cheni, safu ya milima ni cheni, maduka ya tajiri mmoja yaliyotapakaa mijini ni cheni, hata kipimo cha shamba. Mwarabu naye husema silsila, na ndivyo unavyoitwa msururu wa mashehe wa tarika waliopokezana, mkono kwa mkono, hadi kwa Mtume. Shule niliiacha darasa la tano, lakini hilo nimelikamata: kote nilikopita, ni habari ya kushikana.

Asubuhi uliyopotea uliondoka na boti, cheni ukaiacha mtini ikusubiri. Boti haikuonekana tena, wala wewe. Miaka ikapita, mkoko ukanenepa, ukaanza kuimeza cheni, pete moja baada ya nyingine. Mama akakataa katakata usaliwe kama maiti maadamu cheni bado inaonekana. Mkeo Mwanaidi yuko kwao Ruaruke. Fundi cherehani mmoja wa Kibiti anamtaka, mtu mwema, nimemchunguza mwenyewe. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza bila kuniangalia:

"Shemeji, mimi mke au mjane? Niambieni nijue nivae nini."

Nikarudi na msumeno wa chuma niikate. Ilikuwa adhuhuri, maji yamejaa, upepo hakuna, hata jani halitikisiki. Ncha ya cheni iliyolala chini ya maji ikainuka yenyewe, ikakaza kuelekea baharini, ikichuruzika, ikitetemeka vile ilivyokuwa ikitetemeka mkondo ulipoivuta boti yako. Mbele yake hapakuwa na kitu. Kaka, mimi nimewahi kulala makaburini kwa kukosa pesa ya gesti, nikakoroma, lakini siku ile msumeno uliniponyoka.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Hakushtuka. Hapo nikajua ameiona mara nyingi, na ndiyo sababu ya kukataa kwake. Akaingia majini hadi kiunoni, akaishika. Ikamvuta. Akasema polepole, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa:

"Seif, mwanangu, mwachie mtoto wa watu."

Ikalegea, ikazama. Mama akatoka majini, akaniambia nimwite maalim.

Tumekusalia Ijumaa. Mwanaidi ameanza eda. Ikiisha, fundi ataleta posa, nami nitaipokea kwa niaba yako.

Usituvute tena, kaka. Na kama Mungu amekuficha hai mahali, njoo kama wanavyokuja watu: kwa miguu, mchana, ukibisha hodi. Nitafungua mimi mwenyewe, hata kama natetemeka.

Mdogo wako, mwenye maneno mengi